Mchezo wa Mji Wenye Masikio

Kila siku akitoka shule, Sindano hakusubiri kuambiwa la kufanya. Alivua viatu mlangoni mwa duka la mama yake, akatundika begi kwenye msumari, akashika ufagio. Chini ya meza ya cherehani palikuwa na vipande vya vitambaa vya kila rangi, na kazi yake ilikuwa kuvikusanya kwenye kapu kubwa lililokaa pembeni. Kisha alipitisha sumaku sakafuni kuokota pini, kwa sababu mteja mmoja aliwahi kuchomwa kisigino na akalalamika mpaka mtaa mzima ukajua.

Sindano halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walimpachika kwa kuwa mama yake ni fundi cherehani, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwembamba na akichokozwa anachoma kwa maneno. Alilizoea, tena alilipenda.

Kwenye kona ya duka kulikuwa na pazia zito la kijani ambapo wateja waliingia kupimwa. Pazia hilo lilikuwa na sheria yake. Likifungwa, Sindano alichukua nguo za kutiwa vifungo na kwenda kukaa nje kibarazani, hata kama jua lilikuwa kali.

"Mtu akivua koti na kuzungushiwa futi kiunoni, ulimi nao unalegea," mama yake alimweleza zamani. "Wananiambia mambo ambayo hata waume zao hawajayasikia. Nikiyatoa nje, mwanangu, nani atarudi hapa?"

Wateja nao walitania kwamba fundi yule ameushona mdomo wake mwenyewe, tena kwa uzi wa jinzi. Ndiyo maana walimiminika dukani kwake wakiacha mafundi wengine waliokuwa karibu na nyumba zao.

Muhula ule, darasa la Sindano lilikuwa likisoma hadithi za kesho inayotisha. Zilikuwa hadithi za miji ambako vioo vinajua nani amekasirika, shule ambako mashine inatoa alama kwa kila tabasamu, na watu waliosahau njia ya kwenda kwa shangazi zao kwa sababu kuna chombo kinachowakumbushia kila kitu. Watoto walizipenda kwa jinsi zilivyowaogopesha.

"Mwandishi wa hadithi kama hizi si mpiga ramli," alisema mwalimu wao wa Kiswahili, mtu mfupi ambaye mfuko wake wa shati ulikuwa mweupe kwa chaki. "Anachukua kitu tulichonacho leo, anakivuta, anakivuta, mpaka tuone kitatugeuza watu wa namna gani."

"Kwa hiyo mbaya ni mashine," akadakia Profesa.

Profesa alikuwa msichana mwenzake na rafiki wa Sindano tangu darasa la kwanza. Alivaa miwani mikubwa, na mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Walikula pamoja na kutembea pamoja, na siri za mmoja zilikuwa salama kwa mwenzake. Sindano angeweza kuapa juu ya hilo.

"Haraka ya nini?" mwalimu alicheka. "Tungeni mchezo wenu, halafu mtaniambia mbaya ni nani."

Basi wakatunga mchezo wa redio, wa kurekodiwa kwa simu na kusikilizwa kwenye vipaza sauti siku ya wazazi. Waliuita Mji Wenye Masikio. Katika mji huo kila nyumba ilipewa sikio la chuma la kutundika ukutani. Mwanzoni watu walilifurahia, maana liliwakumbusha kunywa dawa na kuzima jiko. Kidogo kidogo likaanza kupeleka maneno yao kwenye mashine kubwa iliyokaa katikati ya mji. Mlinzi wa masikio aliigizwa na Twiga, mtoto wa mwoka mikate, kijana mpole aliyeinama kila alipopita mlangoni.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mlio wa ile mashine kubwa. Walijaribu sufuria, wakajaribu pampu ya baiskeli, wapi! Ulitoka mlio wa sufuria na wa pampu ya baiskeli.

"Cherehani ya mama!" Sindano aliruka. "Ile ya zamani, ya kukanyaga. Ukiupunguza mwendo utadhani jitu la chuma linatafuna."

"Umepatia," alisema Profesa, akamkabidhi simu aliyoachiwa na kaka yake. "Lakini usimwambie. Akijua anarekodiwa, ataiendesha kwa adabu kana kwamba ana wageni."

Sindano alicheka. Lile neno "usimwambie" lilimkwaruza kidogo moyoni, lakini kicheko kikalifunika.

Kesho yake aliificha simu ndani ya lile kapu, ikiwa inarekodi. Cherehani ilinguruma vizuri ajabu. Sindano alikuwa karibu kuitoa simu pale Mama Mkate, mama yake Twiga, alipoingia na furushi la nguo mkononi.

"Fundi, nina maneno," alisema, na mama akafunga pazia.

Sindano akachukua shati na vifungo, akaenda kibarazani kama kawaida. Alikuwa anakata uzi wa kifungo cha mwisho alipoikumbuka simu. Pazia lilikuwa bado limefungwa. Mama Mkate alipotoka, akijifuta macho kwa ncha ya khanga, Sindano alichomoa simu kapuni mbio mbio. Ilikuwa imejifunga, na namba ya kuifungua aliijua Profesa peke yake.

Hakungoja jioni. Alikimbia hadi kwa Profesa, akamkabidhi simu huku anahema.

"Sikiliza. Chukua mlio wa cherehani tu, ule wa mwanzo. Baada ya hapo kuna mteja anaongea na mama. Futa. Hata usisikilize."

"Nimekuelewa."

"Niapie."

Profesa alivua miwani, akaweka mkono kifuani. "Naapa, Sindano. Nafuta leo hii hii. Mimi na wewe wa kuambiana hivyo?"

Usiku ule Sindano alilala fofofo.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Fundi alikaa safu ya mbele na Mama Mkate kando yake, wakiwa wamependeza. Mchezo ulipoanza, cherehani iliyopunguzwa mwendo ilitoka kwenye vipaza sauti kama jitu linalotafuna mji. Watoto wadogo wakashikana. Fundi alikunja uso kidogo, akageuza sikio, kama mtu anayesikia mlio anaoujua lakini hakumbuki wapi. Sindano, aliyekaa nyuma ya jukwaa na wenzake, alijiona ana mabawa.

Ikafika sehemu ambapo mlinzi anafungua sikio la nyumba moja ili asikie lililonasa. Hapo Profesa alitakiwa kusikika akiigiza mama anayelalamikia watoto wake wavivu. Badala yake ikatoka sauti nyingine. Ilikuwa imefanywa nzito kidogo, lakini haikuwa ya mtoto.

"Zipunguze zote, fundi, ila mshono usionekane. Wafalme wangu wasijue. Nimepungua mpaka naogopa kujitazama. Daktari anasema nirudi na mtu wa nyumbani, na mimi kila siku nasema kesho."

Kisha sauti ya pili, ya taratibu: "Usiwe na wasiwasi. Pazia hili likifungwa, hata ukuta hausikii."

Halafu makofi yakalipuka, makofi ambayo shule ile haikuwahi kuyasikia. "Watoto hawa wanaigiza!" mzee mmoja alipiga kelele. "Utasema kweli!"

Twiga hakupiga makofi. Mtaani kote kulikuwa na mama mmoja tu aliyewaita wanawe wafalme wangu. Alisimama, akamtazama mama yake kupitia upenyo wa jukwaa, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, na kwa mara ya kwanza akasahau kuinama. Aligonga kichwa kwenye fremu na wala hakugeuka.

Mama Mkate alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Fundi hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa ananyoosha shingo akimtafuta binti yake, na alipomwona, macho yao yakakutana. Sindano alitamani sakafu ipasuke immeze.

Alimkuta Profesa nje karibu na bomba la maji, watu wakimpongeza. Alimvuta mkono.

"Uliniapia!"

"Ngoja nikueleze..."

"Uliniapia, Profesa! Ulivua na miwani!"

"Nilitaka kufuta, kweli," Profesa alisema kwa sauti ya chini. "Nikasikiliza kidogo tu. Ilikuwa nzuri mno. Sisi tungeigiza mpaka kesho tusifikie vile. Na nilibadilisha sauti, nikajua hakuna atakayetambua."

"Twiga ametambua."

Sindano alimtazama rafiki yake wa miaka yote, akamwona mtu asiyemjua. Hakulia hapo. Alijikaza mpaka alipofika nyumbani, kisha akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Mama yake alikaa kwenye kigoda, akamwacha alie.

"Profesa amenisaliti, Mama," Sindano alisema hatimaye. "Nilimwambia afute. Aliapa."

"Nimesikia. Na maneno yetu yalinaswaje nyuma ya pazia langu?"

Sindano alijifuta pua kwa mkono.

"Jibu, mwanangu."

"Niliweka simu kapuni, mimi mwenyewe. Tulitaka mlio wa cherehani tu."

"Ungeniomba, ningekanyaga hata siku nzima." Sauti ya mama haikupanda, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Wewe umesalitiwa na rafiki, na inauma, naiona. Mimi nimesalitiwa ndani ya duka langu, na mtoto niliyemzaa. Mama Mkate naye aliniamini mimi. Leo anajua kwamba nilimwambia ukuta hausikii, na kumbe kapu lilikuwa linasikia."

Mpaka dakika ile Sindano alijiona yeye ndiye aliyeumizwa kuliko wote.

Siku zilizofuata habari kwamba sauti ile ilinaswa dukani ilienea mtaani, na duka likapoa. Wateja wengine walituma gauni la zamani lipimwe hilo, wasiingie wenyewe. Mama mmoja aliingia, akalitikisa kapu kwanza, akachungulia na chini ya meza, kisha akapimwa pazia likiwa wazi na midomo yake imefungwa kama mkoba. Fundi alivumilia. Alishona kwa kichwa kilichoinama, na Sindano aliokota pini bila kuambiwa, akiona jinsi mikono ya mama yake ilivyokosa kazi.

Siku moja mama alizima pasi mapema. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Mama Mkate."

"Nitamwambia nini?"

"Ulichofanya. Usikipunguze wala usikirembe."

Njiani walimkuta Profesa amesimama kwenye kona, macho yamevimba nyuma ya miwani. Kabla ya kutoka, Sindano alimtumia salamu mbio mbio kwa mtoto wa jirani: tunakwenda kuomba radhi, ukitaka njoo. Hakudhani angekuja. Alijiunga nao, wakatembea wote watatu.

Kiwanda cha mikate kilikuwa chumba kirefu chenye joto, meza imetapakaa unga na tanuri linanguruma. Twiga alikuwa anakanda. Mama yake alikaa kwenye kiti akipaka mafuta vibati vya kuokea, na kwa kweli alikuwa amepungua. Twiga alipowaona aliupiga ule unga ngumi moja nzito, akaendelea kukanda.

Sindano alipiga magoti. Alieleza kila kitu, kuanzia kapu. Profesa akafuata, akaeleza kiapo chake na jinsi alivyokivunja.

"Nitafuta sasa hivi, mbele yako," alimalizia, akatoa simu.

"Imebaki humo tu?" Mama Mkate aliuliza.

Profesa alikunjakunja vidole. "Nilimtumia binamu yangu. Nilitaka aone mchezo ulivyo mzuri."

Sindano aligeuka kumtazama. Hata hilo hakuwa amelijua. "Na binamu yako?"

"Jana nilikwenda kwake afute, akafuta. Anasema hakumtumia mtu."

"Anaapa?" Mama Mkate aliuliza. Profesa aliinamisha kichwa, maana alijua kiapo kilikuwa na thamani gani sasa.

Fundi alijaribu kulainisha. "Tumesikia ulikwenda hospitali, dada."

"Nilikwenda. Twiga na mdogo wangu walinishika mkono kila upande kama mwizi." Mama Mkate alitabasamu kidogo. "Ni tezi ya shingo. Ina dawa, nami nimeanza kunywa. Daktari anasema nitanenepa tena, hizo nguo utazifumua."

"Afadhali basi," Profesa alisema kwa haraka, uso umeanza kung'aa. "Kumbe walau imesaidia..."

"Hapana." Mama Mkate aliweka kibati chini. "Hilo usiniletee, mwanangu. Msije hapa mkaniambia mmenisaidia. Neno lile lilikuwa langu. Nilikuwa nalitafutia siku, nilitafutie na maneno, nimkalishe mwanangu hapa nimwambie mimi mwenyewe. Mkaninyang'anya, akalisikia nyuma ya jukwaa, watu wakipiga makofi. Dawa itaniponya shingo. Hiyo siku siwezi kuipata tena."

Twiga alikuwa ameacha kukanda. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono imejaa unga.

"Nimewasamehe," Mama Mkate alisema kwa uchovu. "Nimesamehe kwa sababu mmekuja wenyewe na miguu yenu. Fundi, wewe nitarudi kwako. Ila nipe muda."

Profesa alifuta ile sauti mbele yake. Ilikuwa kazi ya kugusa mara moja tu, na ilifutika bila hata kutoa mlio.

Wiki iliyofuata mwalimu wa Kiswahili alifungua mlango wa darasa akiwa hana kitabu. Alikuwa ameshapitia kwa Mama Mkate kuomba radhi kwa niaba ya shule, na mchezo ulikuwa umefutwa kwenye kompyuta ya ofisini.

"Tulikuwa na swali hatujalijibu," alisema. "Katika Mji Wenye Masikio, mbaya ni nani? Profesa, bado ni mashine?"

Kwa mara ya kwanza mkono wa Profesa haukuwa juu. "Simu ilirekodi kwa sababu iliwekwa," alisema polepole. "Ikasambaza kwa sababu nilibonyeza. Haikuwa na kinyongo na mtu. Mbaya ni mimi."

"Na mimi," alisema Sindano.

"Mmesema mawili tu," ilisikika sauti kutoka nyuma. Twiga alikuwa amesimama. Hakuwa mtu wa kuongea darasani, kwa hiyo wote waligeuka. "Simu haikuniuma sana. Hata nyinyi wawili hamkuniuma sana. Kilichoniuma ni makofi. Mama yangu alikuwa analia, na ukumbi mzima ukapiga makofi."

Mwalimu alitazama chini, chaki ikizunguka vidoleni mwake.

"Mimi pia nilipiga, Twiga," alisema. "Nilipiga kuliko wengine. Sikuusikiliza mchezo mpaka mwisho kabla ya kuuleta mbele za watu, na nilipousikia sikujiuliza sauti ile imetoka wapi. Nisamehe." Kisha aliwageukia wote. "Sasa mnaelewa kwa nini watu wanaandika hadithi hizi. Hawaandiki ili tuogope vyuma. Hakuna sikio lililowahi kupanda ukutani lenyewe. Yupo anayelitundika, yupo anayesikiliza, na wapo wengi wanaofurahia kusikia ya wenzao. Kifaa kipya kikija, na vitakuja vingi, msiulize tu kinaweza kufanya nini. Muulize mwenye sauti kama amekubali. Akikataa, zimeni. Akiwa hajui, zimeni vilevile."

Walipotoka, Profesa alimngoja Sindano langoni, kama alivyomngoja kila siku tangu darasa la kwanza. Walitembea pamoja kipande kirefu.

"Umenisamehe?" Profesa aliuliza.

"Nimekusamehe."

"Kwa hiyo tutarudi kuwa kama zamani? Utaniambia mambo yako?"

Sindano alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, maana alikuwa na hamu sana na mwenzake, na neno lenyewe lilikuwa jepesi kutamka.

"Bado," alisema. "Sijui lini."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa sketi, akaivaa tena. Hakuapa chochote. Wakaendelea kutembea, wakizungumza habari za mtihani wa hesabu.